Ameolewa na Dereva

Nairobi, 4 Machi 1942

Ila jenabi mjomba wangu mpenzi, Mwalimu Athmani,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na mkazamjomba Bi Mwanaesha, na jirani zetu wote wa Kibokoni. Mimi ni mzima. Kifua kimepoa tangu baridi ilipopungua. Natumai goti lako halikusumbui ngazini.

Mjomba, nataka khabari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa watu. Ule ukarani wa reli ulionitafutia nimeuacha. Nimeandikwa jeshini, lakini sitashika bunduki. Wamenitia katika kikundi cha kuwatumbuiza askari, na mimi ndiye mpiga besi. Besi ni fidla iliyokua ikapita kimo cha mtu. Huipakati, unasimama nayo kama mtu anayemzuia mlevi asianguke. Shingoni haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi, na ukikosea kwa upana wa punje ya mchele umetoa sauti nyingine kabisa. Watu hawaisikii. Huisikia siku inaponyamaza, ndipo wachezaji wanapopoteza miguu.

Najua utakasirika. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usininyime radhi yako, kwa kuwa tangu mama yangu afe na kuniachia mikononi mwako sina mwingine wa kunipa. La pili, umwambie Mwanakhamis aningoje. Ahadi uliyoitoa ya kunioza binti yako nimeishika kwa mikono miwili. Vita vikiisha nitarudi kuoa.

Mpwao,
Jaffar


Kibokoni, Mombasa, 29 Machi 1942

Mwanangu Jaffar,

Mwenyezi Mungu akuhifadhi. Sisi hatujambo. Goti linauma wakati wa kushuka tu, na kwa umri huu sina haraka ya kushuka.

Barua yako ina makosa kumi na moja. Miaka sita nilikukalisha chuoni kukufundisha khati ya Kiarabu, na leo unaniandikia kama kuku aliyekanyaga wino. Kamaludin, mwenzangu wa barazani, asema kosa ni langu. Siku hizi kuna walimu wanaotia alama mpya juu ya herufi, moja ya e na moja ya o, ili msomaji asichanganye e na i, wala o na u. Ananihimiza nami nizifuate. Nikamwambia, "Bwana Kamaludin, wazee wetu waliandika tenzi nzima bila viraka hivyo. Anayejua Kiswahili hasomi kwa macho tu. Asiyejua, mtilie taa juu ya kila herufi, atajikwaa vile vile." Akasema, "Haya, Msiu. Ndiyo maana mji wenu umebaki magofu na khati nzuri." Miaka thelathini na moja nimetoka Siu, na bado nikishinda kwa hoja hukumbushwa kuwa mimi ni mgeni.

Hata hiyo besi yako, naona, haina alama shingoni, na fundi wake hupata mahali pa kidole. Basi uko upande wangu.

Kazi hiyo siipendi, na sitasema naipenda. Lakini radhi yangu sijaiondoa. Mwanakhamis nimemwambia. Alikuwa akishona kofia na hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie nitamngoja, baba. Lakini nyumba tutakayokaa iwe na dari ya juu, maana huyo mke mwenzangu ni mrefu." Mama yake akamfinya.

Mjomba wako,
Athmani


Seilani, 12 Novemba 1943

Ila jenabi mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi sijambo, ila mvua ya huku haijui kuaga. Je, goti? Je, kifua cha mkazamjomba?

Kofia aliyonishonea Mwanakhamis imefika. Naivaa nikipiga, na mkubwa wetu amekubali kutoiona.

Sasa nina bendi yangu mwenyewe ndani ya kikosi. Kioko, Mkamba wa Machakos, anapiga tarumbeta. Kenga, mtu wa Kaloleni, anapiga ngoma. Besi ya kwanza ilifumuka gundi kwa unyevu, ikafunguka mgongo katikati ya wimbo mbele ya maofisa. Kioko akasema kwa sauti, "Mzee, mkeo amevua nguo." Seremala wa hapa ameniundia nyingine, na nyuzi ni za utumbo wa kondoo.

Baharia mmoja mweusi wa Kimarekani alitupigia santuri zake siku mbili, kisha akaishika besi yangu. Kiswahili hajui, nami Kiingereza chake sikukielewa nusu. Alinionyesha kwa miguu: mdundo usiukimbilie, tembea nao. Tangu hapo besi yangu inatembea, nne kwa nne, haina pupa, kama mtu anayerudi kwao na anaijua njia. Sikuwahi kujua, mjomba, kwamba kuna kazi ambayo mtu akiifanya vizuri hatajwi, na bado nafsi yake haitaki kuiacha.

Mwambie Mwanakhamis mke mwenza amekubali kulala jikoni.

Mpwao,
Jaffar


Kibokoni, Mombasa, 19 Februari 1944

Mwanangu Jaffar,

Salamu. Sisi tupo.

Barua hii ni fupi, unisamehe. Mwanakhamis ameuliwa na dereva wa lori la jeshi, Jumatatu ya tarehe saba mwezi huu. Lilikuwa jambo la ghafla, hatukupata nafasi ya kukungoja. Tumemtoa siku ile ile baada ya alasiri, na watu walijaa mpaka njiani. Wakubwa wa kambi walikuja wakanipa mkono nikaupokea, kwani ningefanya nini? Mama yake hasemi na mtu.

Nilikuahidi kumtunza mpaka urudi, na ahadi sikuitimiza. Yaliyoandikwa ndiyo huwa. Usiniandikie kwa hasira, mwanangu. Sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Athmani


Seilani, 2 Mei 1944

Mjomba,

Salamu zako nimezipokea. Mimi mzima, ingawa safari hii hukuniuliza.

Nimesoma kuwa Mwanakhamis ameolewa na dereva wa lori la jeshi. Nilisoma mara tatu, kwa kuwa wewe husema mimi hukosea herufi. Sikukosea. Jambo kama hilo umelitia katika mistari minane, na jina la dereva hukulitaja.

Mlimtoa bila kuningoja. Hata wiki moja hamkuongeza. Wakubwa wa kambi wakakupa mkono nawe ukaupokea. Kioko aliponiona na karatasi mkononi akaniuliza kuna nini kwetu, nikamwambia. Akasema, "Dereva wa lori? Afadhali angekuwa nahodha wa meli." Nikacheka. Wallahi, mjomba, nilicheka mpaka nikakaa chini, na jioni ile nikapiga besi vizuri kuliko siku zote za maisha yangu.

Basi na astarehe huko aliko. Mimi sitamlilia. Jina lake usinitajie tena.

Jaffar


Pumwani, Nairobi, 10 Agosti 1946

Ila jenabi mjomba,

Salamu za mtu usiyemjibu mwaka wa tatu huu. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mwaka arobaini na nne, na katika mbili zilizotangulia nilikuuliza goti. Nakuuliza tena.

Nimerudi kutoka vitani mzima, ila sikio la kushoto limebaki na mluzi. Tuliteremka Kilindini. Utauliza kwa nini sikufika nyumbani, na kutoka pale mpaka Kibokoni hakuzidi mwendo wa saa moja kwa miguu. Nilianza njia, mjomba. Nje ya lango la bandari malori yalikuwa yamepangwa safu, na madereva wameegemea milango wakivuta sigara. Nikawatazama mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi. Mmoja akaniuliza, "Vipi, bwana, unatafuta mtu?" Nikasema simtafuti mtu, nikarudi stesheni nikapanda gari moshi la siku ile ile.

Sasa ninaongoza bendi yangu, Kisiwani Jazz. Kioko na Kenga ninao, na Seth, karani wa ofisi moja ya mjini, anapiga kinanda. Watu hudhani mkuu ni Kioko, kwa sababu yuko mbele na anang'aa. Mimi nimesimama nyuma. Nikitaka wimbo uende mbio huenda mbio, na hakuna ajuaye aliyeusukuma.

Lakini mambo hayashiki. Tukipata ukumbi, ukumbi hufungwa. Tukipata mpiga saksafoni, huugua. Kenga juzi aliweka vijiti chini akaniambia, "Wewe una mzee uliyemuudhi. Tutapiga mpaka tuote mvi. Nenda kachukue radhi kwanza." Basi naiomba. Nipe radhi yako, mjomba, kama ulivyonipa mwanzo. Yaliyopita mimi nimekusameheni, wewe na mkazamjomba, na sitayauliza tena.

Kuna wimbo wangu mmoja watu wanaupenda kupita kiasi. Wenye kutengeneza santuri wameusikia. Mungu akipenda, mwaka ujao utafika mpaka huko.

Mpwao,
Jaffar


Kibokoni, Mombasa, 3 Oktoba 1947

Kwa Jaffar,

Salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu. Nimeitikia.

Juzi nilikwenda Mwembe Tayari kumpakia mgeni kwenye basi. Mlangoni mwa hoteli ya Allarakha santuri ilikuwa ikiimba, na vijana wa Majengo wamejaa kama siku ya Idi. Sauti niliijua kabla sijayajua maneno.

Ameolewa na dereva, lori limemchukua,
Hakuningoja mpenzi, lori limemchukua.

Mmoja akasema, "Mpwawe Mwalimu ni fundi. Neno moja kalivika kanzu mbili." Wakacheka. Kisha mwenzake akaniona, akamkanyaga mguu, santuri ikabaki ikiimba peke yake.

Nimenakili mashairi ya watu miaka arobaini. Najua jinsi miji yetu ilivyotukanana kwa beti, na matusi mengine niliyaandika kwa wino mzuri kwa sababu yalikuwa mazuri. Lakini sijaona mtu aliyelipindua neno kama hilo, juu ya mtoto kama yule, kisha akalichezea dansi. Barua zako sikuzijibu kwa sababu ulisema ulicheka. Nilijiambia, huzuni nayo humchekesha mtu, labda ataona haya mwenyewe. Badala yake ukaniandikia kwamba umetusamehe. Sasa nimesikia ulivyokuwa ukicheka.

Mama yake hajausikia. Nazunguka mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, na goti hili, nikiwaomba wenye gramafoni wasiupige akipita Bi Mwanaesha. Hiyo ndiyo kazi uliyonipa uzeeni.

Radhi uliyoiomba sina. Niliyokupa mwaka arobaini na mbili nimeiondoa. Usiniite mjomba.

Athmani


Pumwani, Nairobi, 21 Oktoba 1947

Kwa Mwalimu Athmani,

Salamu. Umenikataza kukuita mjomba, basi sikuiti. Nami khati yako nimeiacha. Barua hii imepigwa chapa na Seth kwa mashine ya ofisini kwao, kwa herufi za shule. Tafuta wa kukusomea.

Neno gani nililolipindua? Nimeimba ulichoniandikia kwa mkono wako. Barua yako ninayo hapa, na nimemsomea Seth aipige chapa ilivyo: "Mwanakhamis ameolewa na dereva wa lori la jeshi. Tumemtoa siku ile ile baada ya alasiri." Maneno ni yako. Mimi nimeyatilia sauti tu.

Ulimwoza mchumba wangu nami niko vitani, na leo waona haya watu wakisikia. Kama mumewe ameudhika, njia ya Nairobi anaijua, ni dereva. Kama ni yeye aliyeudhika, ana watoto sasa, watamsahaulisha. Mimi sikuoa. Nikimwona mtu wa Mombasa hapa Pumwani navuka njia, nisije nikaambiwa ana wangapi.

Radhi yako kaa nayo. Santuri imefika Dar es Salaam na Kampala. Nimefika bila radhi ya mtu.

Jaffar


Kibokoni, Mombasa, 8 Novemba 1947

Mwanangu Jaffar,

Kaa kitako kabla hujaendelea. Kama Kioko yuko karibu, mwite.

Barua yako niliipeleka dukani kwa Noormohamed, kwa sababu mkewe, Bi Sabira, anasoma herufi za Kizungu. Alikuwa akikata kitambaa. Akasoma kwa sauti, mkasi mkononi. Alipofika kwenye maneno unayosema ni yangu akasoma, "Mwanakhamis ameolewa." Nikamwambia, "Umekosea, Bi Sabira. Rudia." Akasema, "Sikukosea, Mwalimu. A, me, o, le, wa. O hii hapa, duara kama pete." Nikamwambia arudie tena. Mara ya tatu akaweka mkasi chini akasema, "Mwalimu, kaa."

Sikuandika kuwa ameolewa. Niliandika kuwa ameuliwa. Alikuwa akirudi na mama yake kutoka Majengo, walikokwenda kupeleka kofia, saa tano za asubuhi. Lori la jeshi likampiga njia ya Mwembe Tayari, akafa pale pale, mkono wake umo katika mkono wa mama yake. Tuliyemtoa baada ya alasiri ni maiti, Jaffar. Waliojaa njiani walikuwa wakimzika. Mkono niliopewa na wakubwa wa kambi ulikuwa mkono wa tanzia.

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu, nikayaandika maneno yale mawili, moja juu ya jingine, kwa khati niliyoizoea. Yamelingana herufi kwa herufi. O na u tunaziandika namna moja, na e na i namna moja, na anayejua Kiswahili, nilisema, atajua. Wewe ulinijibu kuwa ameolewa, nami nikasoma ameuliwa. Karibu miaka minne tumeandikiana neno moja, kila mtu na lake.

Zilikosekana alama mbili. Kamaludin alinisihi nizitie, nikaziita viraka. Wala "Inna lillahi" sikuiandika, na ni haki ya kila maiti. Niliinua kalamu mara ngapi sijui, mkono ukakataa kuiweka karibu na jina lake. Ningeiandika, ungejua. Mimi ndiye niliyekutolea makosa kumi na moja.

Niliyokuondolea nimekurudishia. Radhi yangu unayo, ikiwa ya mtu kama mimi inafaa kitu. Ya mama yake si yangu kuitoa, na bado sijapata ulimi wa kumwambia.

Mjomba wako,
Athmani


Pumwani, Nairobi, 1 Februari 1948

Ila jenabi mjomba,

Salamu kwako. Ningesema mimi mzima, lakini nimeshakuandikia mengi yasiyo kweli.

Sikuweza kushika kalamu kabla ya leo. Nimeandika kwa khati yako, na alama nimezitia. Nimefundishwa na maalimu mmoja wa msikiti wa Pumwani, siku moja ilitosha. Siku moja, mjomba.

Nilikwenda kwa wenye santuri nikawaomba wauzuie wimbo. Mkubwa wao alinitazama kama mgonjwa. Akasema wimbo umeshatoka, na kilichotoka hakirudi mfukoni. Nikasema basi, kwenye dansi sitaupiga. Jumamosi ya kwanza tukauruka. Watu wakaanza wenyewe, wakagonga meza, wakauimba toka mwanzo mpaka mwisho, nami nimesimama nimeshika shingo ya besi, nyuzi nimezibana zisitoe sauti. Hakuna aliyepoteza miguu. Nilikuambia zamani kwamba watu huisikia besi inaponyamaza. Si kweli.

Kioko nilimwambia baadaye. Alikuwa akipangusa tarumbeta. Akasema, "Kwa hiyo hii miaka tumekuwa tukicheza matangani." Akaifunga ndani ya kasha, na hajaifungua kwa wiki tatu.

Nawakumbuka madereva wa Kilindini. Niliwachukia wote kwa sababu mmoja wao alikuwa na bahati yangu. Na yule aliyeniuliza kama natafuta mtu, nikasema simtafuti. Ningeendelea na njia ile ile ningefika nyumbani kabla ya adhuhuri, mngeniambia, na wimbo usingekuwapo.

Mjomba, mwambie mkazamjomba. Asiusikie kwa watu. Mwambie sikujua. Asiponipa radhi ni haki yake. Akitaka nivunje besi, nitaivunja. Akitaka niache muziki, nimeuacha. Lolote atakalosema nitalifanya kama alivyolisema.

Mpwao,
Jaffar


Kibokoni, Mombasa, 20 Machi 1948

Mwanangu Jaffar,

Salamu. Goti limeshinda, sasa natembea na fimbo. Mkazamjomba wako ni mzima wa mwili.

Nimemwambia. Siku kumi nilitafuta maneno, na nilipoanza tu akasema, "Wimbo naujua." Kumbe aujua tangu mwezi wa tisa. Mwanamke mmoja alimwimbia dirishani kwa ubaya, akidhani atamchoma. Miezi yote niliyozunguka mitaani nikiwabembeleza wenye gramafoni, yeye amekwisha kuinunua santuri, ameifunga katika shuka, na mchana akiniambia anakwenda kwa Bi Sabira, huenda nayo. Wanafunga mlango wa duka wanaipiga.

Nikamweleza kuwa hukujua, na jinsi nilivyoandika, na jinsi ulivyosoma. Akanitazama. Akasema, "Basi huko alikokuwa Jaffar, mwanangu alikuwa hai."

Nikasema ndiyo.

"Ana mume."

Nikasema ndiyo.

"Na watoto?"

Nikamwambia uliandika kuwa ana watoto. Akaniuliza wangapi. Nikamwambia hukutaja.

Nikamwambia uko tayari kuivunja besi na kuuacha wimbo ukimridhisha. Akasema, "Asithubutu. Mwanangu hakuolewa ila humo. Mwambie aje aupige hapa, mlangoni petu, mchana, na bendi yake nzima, kama waletavyo watu arusini. Aupige mpaka mwisho. Kisha achukue besi yake aende zake, asinione tena wala nisimwone. Radhi yangu ndiyo hiyo, na haina bei nyingine."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa chuo, na dansi mlangoni pangu, watu wa msikiti watasema. Akasema, "Watasema nini, wewe uliyemwoza kwa kalamu?"

Nikashusha kalenda ukutani, tukachagua siku.

Basi njoo Jumapili ya tarehe 11 Aprili, baada ya alasiri, saa ile ile tuliyomtoa. Kioko naye mbembeleze aje. Arusi haiendi bila tarumbeta. Mwanaesha ameshafagia mbele ya mlango, na ameuliza bei ya asmini. Kofia za wenzako ameshazishona. Yako hakushona.

Mimi nitakaa ndani. Ukimaliza usibishe hodi.

Nimetia alama juu ya kila e na kila o, na nimeisoma barua hii mara mbili kama atakavyoisoma mtu mwingine, nikitafuta neno lenye maana ya pili. Sikuliona.

Mjomba wako,
Athmani